Majana ya nyuki dume: protini asilimia 9 au 40, nani muongo?

Juzi ami yangu wa Kisauni, hapa Mombasa, alinitumia picha ya kichupa kwa WhatsApp akanambia, mwanangu, wewe si ndo mtu wa nyuki, hebu niangalilie hiki kitu kama ni cha kweli. Kichupa kimeandikwa unga wa watoto wa nyuki dume, protini zaidi ya asilimia 40, na chini yake kwa herufi kubwa kubwa, NGUVU ZA KIUME. Ami keshastaafu kazi yake ya bandarini na bei ya hicho kichupa ilikuwa inakula pesa yake ya sokoni ya wiki mbili nzima, kwa hivyo swali halikuwa la mchezo. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba mjukuu wake aliingia kwa simu akasoma pahali kuwa hao hao watoto wa nyuki wana protini asilimia 9 tu. Sasa 9 na 40 ni mbingu na ardhi, nani muongo hapo?

Upande wa protini hakuna muongo. Nambari zote mbili ni sahihi, na ukishaelewa kwa nini zote ni sahihi basi hutauziwa kitu kwa nambari tena, iwe ni unga wa nyuki, iwe ni dagaa, iwe ni maziwa ya kopo. Habari ya nguvu za kiume ni nyengine kabisa, tutaifikia.

Watoto wa nyuki kwa Kiswahili chetu wanaitwa majana, mmoja ni jana, na wafugaji bado wanalitumia hilo neno. Majana ni yule mtoto akiwa bado ndani ya seli ya sega, tangu yai, halafu buu, halafu pupa, yaani anapojigeuza kuwa nyuki, mpaka siku atakapotafuna kifuniko atoke mwenyewe. Watu wengi wakisema mazao ya mzinga wanahesabu asali, nta, gundi ya nyuki, chavua, kama wamesoma kidogo wanaongeza maziwa ya malkia, bas. Majana hawayahesabu. Lakini Wahadzabe wa kule Tanzania karibu na Ziwa Eyasi, ambao wanaishi kwa kuwinda na kurina asali, wakipasua mzinga wanakula sega na majana yake yote, hawachambui, na wala hilo si jambo la jana na juzi.

Nikupeleke Jomvu kidogo uone tunazungumzia nini. Mizinga yetu iko kwenye mikoko, upande ule wa michu, ile miti ambayo ikitoa maua nyuki wanaifuata kama wameitwa karamuni, na tunafungua jioni jua likishalala manake nyuki wa Pwani mchana hawana mswalie Mtume. Wataalamu wamempa huyu nyuki wetu jina la Apis mellifera litorea, yaani yule wa ufukweni. Unapuliza moshi, unainua sega polepole, na ukiligeuza kwenye mwanga utaona sehemu kubwa vifuniko vyake viko flati, hao ni vibarua, wale majike wanaofanya kazi zote. Lakini upande wa chini au pembezoni kuna seli kubwa zaidi na vifuniko vyake vimetuna juu kama mbaazi zilizopangwa sinia nzima. Hao ndo madume. Ukikwangua kifuniko kimoja kwa ncha ya kisu, ndani utamkuta buu mnene mweupe anang'ara, amejaa seli mpaka hana pa kugeukia, au ukimkuta amesonga mbele kidogo basi utaona tayari ana umbo la nyuki, kichwa, miguu imekunjwa kifuani, mwili wote mweupe kama nazi, ila macho. Macho yanaanza meupe, yanaingia pinki, yanamalizia zambarau kama biringani. Mfugaji aliyezoea anaangalia macho tu anakwambia huyu amebakisha siku ngapi. Hayo macho yakumbuke, tutayarudia kwenye hesabu.

Dume anatoka kwenye yai ambalo halikurutubishwa, yaani hana baba, na anakaa muda mrefu kuliko wengine, kama siku 24 kutoka yai mpaka kutoka, wakati kibarua anachukua 21 na malkia 16 (hizo ni za nyuki wa Ulaya waliopimwa sana, hawa wa Afrika wanawahi kidogo). Hana mwiba, hatafuti maua, kazi yake ni kumpanda malkia huko hewani na akishampanda anakufa hapo hapo. Jana lake ni kubwa, uzito wake ni kama mara mbili ya jana la kibarua. Ndo maana watu wakitaka majana ya kula wanachukua ya madume, manake unapata nyingi kwa kazi kidogo na haupunguzii mzinga wafanyakazi wake.

Haya, tuje kwenye zile nambari.

Mwaka 2005 mtafiti wa Marekani anaitwa Mark Finke alichapisha vipimo vya majana ya nyuki yakiwa mabichi kama yalivyo. Katika kila gramu 100 alikuta maji gramu 76.8, protini 9.4, mafuta 4.7, na wanga na sukari zake kama 8. Ukizizidisha mwenyewe, protini mara 4, wanga mara 4, mafuta mara 9, unapata kama kalori 112. Sasa chukua yai la kuku, lile la kawaida la dukani. Yai nalo ni maji karibu asilimia 76, protini 12 na kitu, mafuta karibu 10, na wanga hakuna wa maana. Umeona? Majana mabichi ni ndugu wa yai, yanapungua kidogo kwa protini, yanapungua nusu kwa mafuta, ila yana wanga ambao yai halina. Mtu akikuuliza majana ni chakula cha aina gani, mjibu hivo, ni kama yai lenye sukari kidogo ndani, na hata ukiyakaanga yanaganda kama yai.

Na ile 40 imetoka wapi? Imetoka kwenye kukausha. Toa yale maji 76.8, utabaki na gramu 23.2 za kitu kikavu, na ndani ya hizo 23.2 zile gramu 9.4 za protini bado ziko pale pale, hazijazaa wala hazijafa. Gawanya 9.4 kwa 23.2, unapata 40.5 kwa mia. Hiyo ndo asilimia 40 ya kichupa. Ni kitu kile kile, ila mmoja amepima na maji yake na mwengine amepima bila maji. Maziwa yako hivo hivo, ya maji yana protini kama asilimia 3 na nusu, ya unga yana kama 26, na hakuna ng'ombe aliyefanya muujiza hapo katikati. Anayekuuzia unga akaulinganisha na nyama mbichi ya buchari, ambayo ina protini kama asilimia 20, akwambia huu wangu ni mara mbili ya nyama, huyo amekulinganishia kikavu na kibichi. Kausha na ile nyama uone itafika wapi.

Hilo la maji ndo fundo kubwa. Lakini kuna la pili ambalo hata watu waliosoma linawapita, nalo ni umri, yale macho ya biringani.

Mwaka 2016 kuna utafiti uliochukua nyuki vibarua wa aina ya ligustica, wale wa Kitaliano, wakapima buu, pupa na nyuki mzima, wote kwa ukavu. Protini ya buu ikatoka kama asilimia 35, ya pupa 46, ya nyuki mzima 51. Ukiisoma haraka utasema ala, kumbe anavyokua ndo protini inaongezeka, basi tungoje wakomae. Lakini fikiria, pupa amefungiwa, kifuniko kimewekwa, hali kitu chochote tena mpaka atoke. Protini ya kuongeza ataitoa wapi? Kinachotokea ni kwamba buu alijiwekea akiba ya wanga, ile glaikojeni, na akiwa amefungiwa anaichoma hiyo akiba kujenga miguu na mbawa na macho, kwa hivyo wanga unashuka, kwenye utafiti huo ulitoka 46 kwa buu ukaenda 34 kwa pupa, na wanga ukishuka sehemu ya protini kwenye mia lazima ionekane imepanda. Ni kama biriani, ukipunguza mchele kwenye sinia nyama itaonekana nyingi na vipande ni vile vile. Mafuta nayo yalikuwa kama 14 na nusu kwa buu, 16 kwa pupa, halafu nyuki mzima akabaki na 7 tu. Hawa walikuwa vibarua, sio madume, kwa hivyo usizichukue hizo nambari ukazibandika kwa dume, chukua ule mwendo wake, buu ana utamu na pupa anaonekana na protini zaidi.

Na kuna kitu chengine cha buu ambacho mimi binafsi kinanigusa, buu hajisaidii mpaka amalize kula. Tumbo lake halijaunganika na njia ya nje mpaka mwisho kabisa wa ubuu. Kwa hivyo ukila buu unakula na chavua iliyo tumboni mwake, ukila pupa unakula mwili wake mtupu. Si uchafu, ni chavua na asali aliyolishwa na dada zake, lakini ndo ujue kwa nini sampuli mbili kutoka mizinga miwili hazitoki sawa. Mzinga ulioko kwenye michu na minazi na mzinga ulioko kwenye mikorosho ya Kilifi haulishi chavua moja.

Protini yenyewe ni nzuri, hilo nalisema bila wasiwasi. Ina zile asidi amino zote za lazima ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, pamoja na laisini, ambayo mahindi yana upungufu nayo, kwa hivyo kijiko cha majana na sima vinafaana kama vile maharage na sima vinavyofaana. Ila hapa pia nambari inavimba kidogo. Maabara nyingi hazipimi protini moja kwa moja, zinapima nitrojeni halafu zinazidisha kwa 6.25. Mdudu ana kaitini, lile ganda lake, na kaitini nayo ina nitrojeni ingawa si protini, basi inaingia kwenye hesabu kama mgeni ambaye hakualikwa. Kwa buu laini kaitini ni kidogo, kwa nyuki mzima mwenye ganda gumu ni nyingi, kwa hivyo ile 51 ya nyuki mzima mimi naiangalia kwa jicho la pili.

Mafuta yake mengi ni ya aina mbili, oleiki ambayo ndo ile ya mzeituni, na palmitiki ambayo iko kwa mafuta ya mawese. Anayekwambia kuna omega kama za samaki amekudanganya, kwa omega nenda Marikiti ukanunue samaki. Madini kuna potasiamu na fosforasi nyingi, magnesiamu, zinki, chuma na shaba, lakini kalsiamu ni kidogo, kwa hivyo mifupa usiitegemee hapo. Vitamini za kundi B ziko vizuri.

Vitamini D ndo ina kisa. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Kanada, Hocking na Matsumura, waliandika kwamba majana yana vitamini D nyingi ajabu, kuzidi mafuta ya ini la samaki kwa kiasi kikubwa. Hiyo habari ikatembea, ikanakiliwa vitabu kwa vitabu, na mpaka leo kuna watu wanaibandika kwenye chupa zao. Vipimo vya baadaye kwa vifaa vya kisasa vikakuta vitamini A na D ni kidogo sana, ya kuokoteza. Wale wa 1960 hawakudanganya, walitumia njia za wakati wao. Anayeirudia leo bila kuangalia vipimo vipya ndo mwenye lawama.

Sasa nguvu za kiume. Kule Romania kuna bidhaa inaitwa apilarnil, ilitengenezwa na mfugaji anaitwa Nicolae Iliesiu, nayo ni majana ya dume yanayochukuliwa yakiwa na siku kama saba, yanasagwa na kila kilichomo ndani ya seli. Urusi pia wana yao. Kutoka huko ndo madai ya homoni za kiume yakaenea, manake dume, si ndo dume. Lakini mdudu si mwanadamu. Homoni kubwa inayomuendesha buu ni ekdisoni, kazi yake ni kumvua ngozi akue, na mwanamume wa Kisauni hahitaji kuvuliwa ngozi. Hata kama kuna chembe za testosteroni kama wengine wanavyosema, testosteroni ukiimeza ini linaivunja sehemu kubwa kabla haijafika popote, ndo maana hospitali hawaitoi kama chakula. Majaribio mengi yaliyopo yamefanywa kwa panya na vifaranga vya kuku, na kutoka kwa kifaranga mpaka kwa ami yangu ni safari ndefu. Chakula ndiyo, dawa hapana, mpaka kije kitu cha nguvu zaidi ya herufi kubwa.

Kwa sisi Waislamu kuna swali jengine ambalo haifai kulipita kimya. Asali na nyuki tunawapenda, Surat An-Nahl tunaisoma, lakini majana? Madhehebu ya Shafii, ambayo ndo wengi wa Pwani tunayafuata, hayaruhusu kula wadudu isipokuwa nzige, na kuna hadithi aliyoipokea Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanyama wanne, nyuki akiwemo. Madhehebu ya Maliki yana wasaa zaidi kwenye wadudu. Mimi si mwanachuoni, muulize shekhe wako, lakini usiuziwe unga wa kopo bila kuambiwa ndani kuna nini halafu ukaja kujua baadaye. Ila kanisani Mikindani na kwengineko kuna ndugu zetu ambao hawana hilo kikwazo, na hao nimewaona wanakaanga kwenye sufuria na chumvi tu, bila mafuta mengi, yanatoka rangi ya dhahabu na harufu yake ni kama karanga zinapokaangwa barabarani jioni.

Anayekula ajihadhari na mzio. Kama kamba wanakuwasha, mdomo unavimba ukila kamba, basi wadudu wanaweza kukufanya hivo hivo kwa sababu kuna protini wanayofanana. Na mwenye mzio wa chavua pia, nishasema buu ana chavua tumboni.

Halafu joto letu. Buu ukishamtoa kwenye seli na akachubuka anaanza kuwa mweusi, ni kama ndizi uliyoimenya, na kwa joto la Mombasa baada ya masaa machache hana maana tena. Yanataka friza mara moja, sega zima likiwa limefungwa, na yakishaganda ndo rahisi kuyatoa manake nta inavunjika na majana yanadondoka mazima. Anayekuuzia mabichi yamekaa juani kwenye ndoo, hata kama bei ni ya kutupa, muache.

Nimeulizwa pia kama tukate masega yote ya madume tuuze. Hapana jamani. Ulaya wanakata kwa sababu ya varoa, ule utitiri mwekundu unaonyonya nyuki, ambao unapenda kuzaliana kwenye majana ya madume zaidi kuliko ya vibarua, basi wakikata wanautoa na watoto wake, na wakaona badala ya kuyatupa majana hayo, bora wayale. Varoa ilionekana Kenya na Tanzania mwaka 2009, lakini nyuki wetu wameihimili bila kukatiwa wala kuwekewa dawa. Na malkia wa kando yako anahitaji madume kumi na zaidi kumpanda, ukimaliza madume ya mtaa mzima atapandwa na nani? Tena nyuki wetu ukiwasumbua sana wanahama, unaamka asubuhi mzinga ni kiota kitupu. Kata kipande, wachia vingine.

Ami nilimpigia usiku ule ule. Nikamsomea hesabu ya 9.4 na 23.2, akaandika kwa karatasi, akagawanya mwenyewe, mara mbili. Halafu nikamuuliza taratibu, ami, hilo la herufi kubwa, lina muda gani? Akanyamaza. Akanambia mwaka, na siku hizi anaamka usiku kwenda msalani mara nne na kiu haimuishi. Amenipa ruhusa niandike hili kwa sababu anasema barazani kwao hayuko peke yake. Dalili kama hizo zinafanana na sukari, na sukari na presha ndo zinazoharibu mishipa mpaka mambo yale yanalala. Kichupa hakununua. Jumatatu saa mbili asubuhi nampitia Kisauni tuende akapimwe, nimemwambia asinywe chai.